Ya Kwanza Iko Mkono Gani

Watu wanaotumia miongozo ninayoandika husema nina subira. Wanasema, huyu mama anaeleza polepole, anarudia pale mtu anapoweza kuteleza, anakushika mkono mpaka mwisho. Wananisifu bure. Subira sina na sijawahi kuwa nayo. Nilichonacho ni kinyongo, na kinyongo hicho kilianzia Moroni, mji mkuu wa visiwa vyetu, miaka ile ambayo askari wa kukodiwa walikuwa wamekaa shingoni mwa nchi yetu. Kilianzishwa na karatasi moja ya Kifaransa iliyoandikwa ovyo.

Nataka niyaeleze yote, maana wengi waliohusika wamekufa au wamehama, na yule niliyemchukia sijui aliko. Kama yu hai, na asome. Ingawa najua hatasoma. Kutosoma ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyonipa ushindi wangu.

Naandika Kiswahili kwa kuwa baba yangu alizaliwa Unguja na ndicho alichotusemesha nyumbani. Mama yangu alikuwa mtu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Mimi mwenyewe nilikuwa na kazi Moroni, katika ofisi ya serikali iliyoandikisha vizazi. Sitaitaja jina. Ilikuwa juu kidogo ya mtaa wa Badjanani, na asubuhi nilikuwa nikipanda vichochoro vile huku nimebeba mkate na hasira, kwa sababu hakuna siku niliyofika bila kupita mbele ya wale askari vijana waliovaa nguo nyeusi, na kati yao mzungu mmoja ameegemea gari kama ameinunua barabara.

Ofisi yetu ilikuwa imepewa kompyuta, moja ya Moroni na moja ya tawi la Mutsamudu. Vijana wa leo hawawezi kuijua mashine ile. Haikuwa na picha wala cha kubofya. Ilikuwa na kioo cheusi na kimstari cha kijani kinachopepesa, kinakungoja uandike neno. Ukiandika neno inalolijua, inalifanya papo hapo, liwe jema au baya. Ukiandika isilolijua, inakutukana kwa Kifaransa. Mimi niliipenda. Nilikuwa nimepelekwa Antananarivo kujifunza mashine za namna hiyo, na nilirudi nikijua kwamba haina akili hata chembe. Inatii tu. Kwa hiyo anayekuandikia maneno ya kuiamrisha ameshika roho yako mkononi.

Aliyetuandikia alikuwa Mshauri. Ndivyo tulivyomwita na ndivyo nitakavyomwita. Hakuwa askari na sikumwona na bunduki, lakini alikuja nchini nyuma ya wale wenye bunduki, akakaa kwenye kivuli chao, na gari lao ndilo lililomrudisha nyumbani mchana. Hakuna aliyejua nani amemwajiri. Mkurugenzi wetu, mtu wa Itsandra, mpole, mwenye watoto wengi, hakuwahi kuuliza. Mshauri aliandika mwongozo wa ukurasa mmoja, akaubandika juu ya kila mashine, akasema hata mbuzi angeuelewa.

Wacha niwaambie ulivyokuwa. Mstari wa kwanza ulisema: andika amri ya kuingiza, kisha NOM, yaani jina. Alikusudia uandike jina la mtoto. Msichana wetu mmoja, mgeni wa kazi, aliandika alichoambiwa, herufi kwa herufi, na kwa muda kijiji kizima upande wa mlimani kikawa kinazaa watoto wanaoitwa NOM. Mshauri alicheka mpaka akakohoa. Alilisimulia hotelini, na likarudi kwetu kupitia kwa mhudumu wa hoteli, shemeji wa mwenzetu mmoja mtu wa Ikoni. Msichana yule akawa anaitwa Nom mpaka sokoni. Hakuna aliyesema kwamba karatasi ndiyo iliyokosea. Na mimi nikameza.

Lile la Mutsamudu sikuweza kulimeza.

Aliyekuwa kwenye mashine ya Mutsamudu ni mama yangu mdogo. Mama alipofariki nikiwa bado nanyonya, huyu ndiye aliyenilea. Kabla ya kazi ya serikali, na baada ya saa za kazi, alikuwa fundi, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa Kurani kwetu. Chuo chenyewe tunakiita shioni, na shioni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, ndani kabisa ya vichochoro vya mji wa kale. Nusu ya mtaa ule walijua alifu kwa kidole chake. Kifaransa alikijua cha kutosha kazi, alikisoma ukubwani kwa ubishi wake mwenyewe, na kuchapa kwenye mashine alichapa kuliko mtu yeyote tuliyekuwa naye. Pale ofisini walimchukua kwa sababu hakuwahi kukosea jina la mtoto wa watu.

Kila mwisho wa juma alitakiwa atoe nakala. Mashine ilikuwa na midomo miwili ya kutilia diski, iliyokaa bega kwa bega. Karatasi ya Mshauri ilikuwa na mchoro wa midomo hiyo, miraba miwili tu, bila alama, na chini yake maneno haya: tia diski iliyojaa katika mdomo wa kwanza, tupu katika wa pili, andika COPIE. Yaani, nakili. Basi. Zamani alikuwepo kijana wa ofisini aliyefanya kazi hiyo ya nakala. Alipopata nafasi ya kusoma nje, kazi ikamwangukia mama mdogo. Siku ya kwanza alivaa miwani, akasoma karatasi, akatia diski, akaandika COPIE. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo. Alikuwa na hakika.

Diski iliyojaa ikawa tupu. Vyeti vyenyewe vilikuwepo kabatini, hakuna mtoto aliyepotea duniani, lakini uchapaji wote wa tangu mwaka uanze ulikwenda na maji.

Mshauri alipanda ndege hadi Ndzuani kwa ajili hiyo. Angeweza kupiga simu. Alikwenda mwenyewe kwa sababu alitaka hadhira, akaipata. Wakati ule ofisi ilikuwa imejaa watu waliokuja kuchukua vyeti, wanawake wenye vitoto mgongoni, na wazee wawili watatu waliowahi kuwaleta wajukuu wao shioni kwa mama mdogo. Akaishika karatasi yake, akaipiga piga kwa nyuma ya mkono, akamwambia mama mdogo mbele yao wote kwamba ofisi ya serikali si mahali pa mtu asiyejua kusoma. Alilisema kwa Kifaransa, na kisha, ili lisipotee, akamwamuru karani alitafsiri. Karani akalitafsiri. Mama mdogo akachukua mkoba wake akaondoka, na kabla ya mwezi kuisha barua ya kumwachisha kazi ikamfuata.

Kazi ni kazi, mtu anaweza kuishi bila ya serikali. Lakini neno lile lilikuwa limetoka mlangoni kabla yake. Mtaa ukaanza kunong'ona. Kama hajui kusoma, anawasomesha nini watoto wetu? Kama mzungu amemshika kwa karatasi ya mistari mitatu, je, hayo marefu ya msahafuni? Mzazi mmoja akamtoa mwanawe shioni, kwa adabu, akasingizia homa. Akafuata mwingine. Mikeka ikaanza kuwa na nafasi.

Nilipopata habari niliomba ruhusa, nikapanda ndege ndogo hadi Wani, nikachukua teksi hadi Mutsamudu. Nilimkuta amekaa sebuleni, amejifunika shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya wanawake wa Ndzuani, hadi kidevuni kama mtu mwenye baridi.

"Kwezi, mama," nikamwamkia, kama tunavyowaamkia wakubwa.

"Mbona, mwanangu," akaitikia. Kisha, kabla sijakaa: "Usinipe pole. Nilifanya walivyoandika."

"Nionyeshe ulivyofanya."

"Nikuonyeshe kwa nini? Umekuja kunipa mtihani na wewe?"

"Mama, nionyeshe."

Akanyanyuka kwa hasira, akachukua sahani mbili za chai, akaziweka mezani bega kwa bega. Akachukua kipande cha mkate. "Hii ndiyo iliyojaa," akasema. "Wamesema, katika mdomo wa kwanza." Na mkate akauweka kwenye sahani ya mkono wa kulia. "Na tupu katika wa pili." Akagonga sahani ya kushoto. Akaniangalia. "Sasa niambie mimi ni mjinga."

Kwenye mashine ile, COPIE inatoa kushoto na kutia kulia. Mfaransa ameanza kusoma kushoto tangu utotoni, kwa hiyo kwake cha kwanza kiko kushoto, na halijapata kumpitikia kwamba kuna mtu duniani asiyeanzia huko. Mama mdogo alifunguliwa macho na ubao wa Kurani. Kurasa zinaanzia kulia. Mstari unaanzia kulia. Ukimpangia vitu viwili na ukamwambia ashike cha kwanza, atashika cha kulia hata akiwa usingizini. Alikuwa amesoma. Alikuwa amesoma vizuri mno.

Nikamweleza. Nilidhani atalia au atafurahi. Akakaa, akaumega ule mkate, akaula wote bila kunikaribisha.

"Kwa hiyo hakuniandikia mimi," akasema mwishowe.

"Hakukuandikia wewe."

"Aliniweka mbele ya karatasi ya mtu mwingine, kisha akaniita sijui kusoma."

Ndani ya ndege ya kurudi Moroni sikumwomba Mungu haki wala sulhu. Niliomba kitu kimoja, kwamba mtu yule alie kwa kosa lile lile, kwenye mashine ile ile, mbele ya watu.

Nilianza kwa kujihakikishia. Nikaichora miraba ile miwili kwenye karatasi safi, nikawa nampa kila mtu pale ofisini, mpaka mfagizi na dereva: hiki kimejaa, kiweke katika cha kwanza. Waliopita shioni kabla ya shule ya Kifaransa walikiweka kulia, wala hawakufikiri. Waliolelewa na masista au waliosoma nje walikiweka kushoto, wala hawakufikiri pia. Mkurugenzi alinyanyua kalamu, akasita, akashusha. "Inategemea," akasema. Nikamwambia, "Mkurugenzi, mashine haijui inategemea." Nikamsimulia sahani mbili za chai. Alinisikiliza huku akiangalia mlango.

"Unataka nini, binti yangu?"

"Nataka niandike mwongozo upya. Kwa lugha yetu, kwa herufi ambazo watu wetu walijifunza kwanza. Na nataka umrudishe mama yangu mdogo kazini."

"La kwanza naweza," akasema. "La pili haliko mikononi mwangu. Akikubali yeye, mimi nitatia sahihi hata leo." Yeye, yaani Mshauri. Nilimdharau Mkurugenzi siku ile, lakini alikuwa ananiambia ukweli.

Nikaandika. Sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile. Nilikaa nyuma ya kila mchapaji, nikatazama mkono wake unasita wapi, na kila uliposita niliandika sentensi. Palipokuwa na NOM niliandika: hapa usiandike neno NOM, andika jina ambalo mtoto amepewa. Yule msichana aliposoma mstari huo alinibusu mkono. Maneno yenyewe yalitusumbua, kwa sababu Kingazidja cha Moroni na Kindzuani hugombana hata kwenye vitu vidogo, na mwenzetu wa Ikoni alikuwa tayari kupigana kwa ajili ya neno la kijijini kwao. Kila tulipokwama tulichukua neno la Kiarabu ambalo visiwa vyote vimelipata shioni. Nikauandika mwongozo wote kwa herufi za Kiarabu, kwa mkono, na amri za mashine peke yake nikaziacha kwa herufi za Kifaransa, kubwa kubwa.

Kisha nikafika kwenye nakala. Ningeweza kuandika tu "iliyojaa, kushoto" na mambo yakaisha. Lakini kwetu mtu hatoi kitu kwa mkono wa kushoto. Ukimpa mtu chakula, pesa, hata kiberiti kwa mkono wa kushoto, umemtukana. Kwa nini mashine iliyo nchini mwetu itoe kwa kushoto? COPIE haikuwa sheria ya mbinguni. Ilikuwa faili dogo ndani ya mashine, lenye mstari unaosema toa huku, tia kule. Nikalifungua, nikaupindua mstari. Sasa ikawa inatoa kulia na kutia kushoto. Nikaongeza kitu ambacho Mshauri hakuwahi kukiona kuwa cha lazima: kabla ya kunakili, kioo kinaonyesha kila diski ina nini, na chini yake, kwa lugha yetu, kinasema kwamba kilichomo mkono wa kushoto kitafutwa, je, uendelee? Na ukurasa wa mwanzo kabisa wa mwongozo, ndani ya mraba mwekundu, nikaandika: amri ya COPIE imegeuzwa. Toa kwa mkono wa kulia.

Mkurugenzi alisoma, akacheka kidogo pale pa mkono wa kulia, akatia sahihi. "Na Kifaransa?" akauliza.

"Kitafuata," nikasema, na nilikuwa na maana kisifuate.

"Lazima yeye apewe nakala."

"Nitampa mkononi."

Nikampa mkononi, mbele ya mwenzetu wa Ikoni na mbele ya yule msichana, nikamwambia wazi: Bwana Mshauri, huu ni mwongozo mpya, umetiwa sahihi, na kuna jambo limebadilika, tafadhali usome ukurasa wa kwanza. Aliufungua, kwa upande wake bila shaka, yaani alianzia mwisho. Akaona yale maandishi.

"Nimekuja kufanya kazi ofisini," akasema, "sikuja madrasa."

"Kama kuna usichokielewa, uliza tu, nitakusomea."

Akaniangalia kama kiti kimesema. Miaka yote hiyo kisiwani, na lugha yetu alijua ya kuagiza samaki. Akauweka mwongozo wangu juu ya meza, na kikombe cha kahawa juu yake, na kikombe kile kikakaa pale siku baada ya siku mpaka kikaacha duara. Sikuudhika. Kila nilipoliona lile duara nilijisikia kama mtu aliyetega na kuona nyasi zimekanyagwa.

Watu wa Moroni walihamia mwongozo mpya bila kelele, na makosa yakapungua mpaka tukachoka kwa kukosa cha kucheka. Mshauri mwenyewe hakuwa akinakili mara nyingi. Alikuwa na diski yake, anaifungia kwenye mkoba, hamwamini mtu kuigusa. Nikangoja.

Ilifika asubuhi moja. Gari la wale wa nguo nyeusi likasimama nje, wakaingia wawili, mmoja wetu na mmoja wao, mzungu mrefu mwenye cheo. Walikuja kuchukua ripoti ambayo Mshauri alikuwa akiiandika kwa muda mrefu, na walitaka nakala ya kwenda nayo. Mkurugenzi alisimama. Sisi sote tulisimama. Mshauri alifurahi kuonekana kazini. Akavuta kiti mbele ya mashine, akatoa diski yake mkobani, akaitia mdomo wa kushoto. Akachukua diski mpya, akaitia kulia. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kuona vidole vyake. Akaandika COPIE.

Kioo kikamwonyesha kila kitu. Kilimwambia, kwa maneno mapana, kwamba kilichomo kushoto kitafutwa. Alikuwa anageuka kumwambia yule mwenye cheo jambo la kuchekesha, na bila kutazama akabonyeza ndiyo.

Mashine ikakoroma kama kawaida yake. Akatoa diski, akampa mwenzake. Yule, mtu asiye na mzaha, akasema aonyeshwe kwanza. Mshauri akairudisha, akaandika amri ya kufungua. Hakuna kitu. Akajaribu yake mwenyewe. Hakuna kitu. Akajaribu tena, na shingo yake ikaanza kuwa nyekundu kutoka kwenye kola kwenda juu. Wallahi, nimehudhuria harusi nyingi, na sijawahi kufurahi vile.

"Nani amegusa hii mashine?" akapiga kelele. "Nani ameigeuza?"

"Imeandikwa kwenye mwongozo, Bwana Mshauri," nikasema. "Ukurasa wa kwanza. Uko chini ya kikombe chako."

"Huwezi kugeuza kitu kama hicho! Kulia, kushoto, mtu atajuaje? Mtu yeyote angekosea!"

"Mtu yeyote?" nikauliza. "Hata anayejua kusoma?"

"Hata anayejua kusoma! Hata profesa!"

Na hapo Mkurugenzi wangu mpole wa Itsandra, ambaye sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo mbele ya nguo nyeusi, akakohoa, akasema kwa Kifaransa safi: "Basi na yule mama wa Mutsamudu pia, Bwana Mshauri. Lilikuwa kosa hili hili."

Mwenye cheo akauliza mama gani. Mkurugenzi akaeleza, kwa kifupi, bila kupandisha sauti. Yule mtu alisikiliza huku anamtazama Mshauri, si kwa haki, kwa kuchoka. Alikuwa amekosa ripoti yake. "Mrudisheni huyo mwanamke," akasema, kama anayefukuza inzi. "Na wewe, kaa hapo uanze kuandika."

Nitasema ukweli wa nilichohisi. Furaha yangu iliingia uchungu papo hapo. Neno la kumrudisha mama mdogo lilikuwa limetoka kinywani mwa mtu ambaye sikutaka anirudishie hata kiatu. Lakini Mkurugenzi alikuwa ameshavuta karatasi, na kabla gari halijawaka alikuwa ametia sahihi.

Nilipeleka Mutsamudu mwenyewe mwongozo, lile faili la COPIE nililoligeuza, na habari. Hiyo ya mwisho sikuhitaji kuipeleka. Habari ya mzungu aliyejifutia kazi yake kwa kutosoma ilikuwa imefika kabla yangu, na dereva wa teksi ya kutoka Wani alinisimulia mimi, kwa chumvi nyingi. Mlangoni kwa mama mdogo nilikuta viatu vya watoto vimerundikana. Wale waliokuwa na homa walikuwa wamepona.

Alipowaruhusu watoto alichukua mwongozo wangu, akavaa miwani, akausoma wote, tangu mraba mwekundu mpaka mwisho, kidole kikipita chini ya kila mstari. Mimi nilikaa nikingoja sifa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini haujaisha."

"Nini kimebaki?"

"Anayesoma kwa kushoto. Humu hujamwandikia neno hata moja."

"Makusudi, mama."

"Najua makusudi. Ninakufahamu tangu huna meno." Akavua miwani. "Mimi niliwekwa mbele ya karatasi ambayo haikuandikwa kwa ajili yangu. Kitu hicho hakitatoka nyumbani kwangu. Chukua kalamu."

Nilikataa. Nilimwambia mtu yule hastahili hata nukta. Nilimwambia kama ni Kifaransa, na waandike wao. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akanisogezea kalamu tena. Nikachukua, nimenuna kama mtoto.

"Niandike ukurasa gani?" nikauliza. "Hapa nyuma kabisa?"

"Nyuma kwetu," akasema. "Yeye si ndipo anapofungulia?"

Nikaanza kumwelewa. Akanisomea maneno kwa lugha yetu, mimi nikayatia Kifaransa, kwa herufi kubwa, peke yake katikati ya ukurasa mweupe: Kama hujui kusoma maandishi ya kitabu hiki, usiguse mashine. Uliza anayejua.

Nilitazama sentensi ile. Hakuna tusi ndani yake. Ni maelekezo sahihi, ya kweli, yanayozuia kosa, na mpaka leo sijaandika bora kuliko hayo.

Mvua zilipokwisha Mshauri alitumwa Mutsamudu kukusanya nakala za tawi, na mimi nikapelekwa kumsindikiza. Aliingia ofisini, watu wamejaa kama kawaida. Mama mdogo alikuwa kwenye mashine, hakunyanyuka. Mshauri akachukua mwongozo mezani, akaufungua kwa upande wake, akasoma. Akaangalia midomo ya mashine, kulia, kushoto. Akaangalia diski mkononi mwake.

"Madamu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo, "iliyojaa inawekwa wapi?"

Mama mdogo alimgeukia karani, yule yule, akamwambia alitafsiri swali hilo, kwa sauti, ili na wale waliokaa mlangoni wasikie. Karani akalitafsiri. Ndipo akamnyooshea Mshauri mkono wa kulia, kiganja juu, apokee diski.